Dada Fundi Anajibu: Mbio za magari kwenye laptopu ya nguvu ndogo

SWALI: Shikamoo Dada Fundi. Mimi ni mwanafunzi, nina laptopu yenye prosesa ya Intel Core i5-8250U, RAM ya GB 8 na skrini ya 1920 kwa 1080. Haina kadi ya grafiki ya pekee, ina hiyo UHD 620 iliyomo ndani ya prosesa. Napenda gemu za mbio za magari, hasa zile za viwanjani ambazo gari linateleza na kushika kama la kweli. Nimeshusha kila kitu hadi chini kabisa lakini bado gemu inasuasua. Nikikimbia peke yangu si haba, ila mbio zikianza na magari 20, kona ya kwanza inageuka picha za mnato. Halafu lami imekuwa uji mtupu, sioni hata mahali pa kushika breki. Na baada ya muda feni inaanza kupiga kelele, mambo yanazidi kuharibika. Nikubali tu kwamba laptopu hii si ya gemu? — *Mpenda Kona*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usikubali. Umenieleza gemu inavyokwenda ukiwa peke yako, inavyokwenda ukiwa na wenzako, na inavyokwenda mashine ikishapata moto. Hayo ni matatizo matatu, kila moja na dawa yake, na kile kitufe cha kushusha kila kitu kwa mpigo hakitibu hata moja sawasawa.

Nianze na kitufe hicho, maana kimewapotosha wengi. Ukichagua kiwango cha chini kabisa, gemu nyingi haziigusi resolusheni, ile idadi ya nukta zinazochorwa. Unaendelea kuchora 1920 kwa 1080, yaani nukta au pikseli zaidi ya milioni mbili kwa kila fremu, kila picha moja ya zile zinazopita mfululizo kwenye skrini. Idadi ya magari nayo inabaki vilevile. Kinachokatwa bila huruma ni kitu kisichokula nguvu nyingi ambacho dereva anakihitaji kuliko mapambo yote: uchujaji wa anisotropiki. Barabara kwenye gemu ya mbio unaiona kwa ulalo, imelala kuanzia puani mwa gari hadi upeo wa macho. Picha iliyolala namna hiyo isipochujwa vizuri hufifia mita chache tu mbele ya boneti. Mstari mweupe, alama za matairi na rangi za kingo za kona vyote vinayeyuka pamoja. Huo ndio uji unaouona. Kwenye menyu kipengele hiki utakitambua kwa namba zake: 2x, 4x, 8x, 16x. Kiweke 8x, simamisha gari katikati ya mnyooko mrefu, kisha tazama mstari wa pembeni unavyonyooka mpaka mbali. Ukishauona huo, hutarudi nyuma.

Huu ndio msimamo wangu juu ya grafiki za gemu za mbio, na ndio ninaoufuata kwenye laptopu yangu ambayo haizidi hiyo yako kwa nguvu: dereva anatazama mbele, basi nguvu kidogo tuliyonayo iende mbele. Kila kipengele kwenye menyu nakiuliza kama kinanisaidia kuona pa kushika breki, pa kuingilia kona na pa kutokea. Kinachosaidia kinabaki. Kinachopamba yaliyo nyuma na pembeni kinashushwa, na mara nyingi kinazimwa kabisa.

Jambo la pili ni utulivu wa fremu, na hapa hesabu inasema vizuri kuliko maneno. Gari lililo kwenye kilomita 216 kwa saa linakwenda mita 60 kwa sekunde. Ukipata fremu 60 kwa sekunde, kila fremu gari limesogea mita moja. Ukipata 30, limesogea mita mbili. Hapo bado mkono unazoea. Lakini gemu ikikwama kwa sekunde 0.2 tu, umesafiri mita 12 ukiwa kipofu, na hizo mita 12 mara nyingi ndizo zinazotenganisha kona iliyokatwa vizuri na gari lililolala kwenye kokoto. Kwa hiyo usishangilie namba kubwa inayotokea mara moja kwenye mnyooko mtupu. Tafuta namba ambayo mashine inaweza kuishikilia katikati ya msongamano, uibane hapohapo.

Sasa tushike kazi. Kabla ya kufungua menyu ya gemu, chomeka chaja. Laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hubana umeme unaokwenda kwenye prosesa, na chipu ya grafiki inabanwa pamoja nayo. Ndani ya Windows, kwenye mipangilio ya umeme, chagua hali ya utendaji wa juu. Funga kivinjari, kurasa zilizofunguliwa zinakula RAM ileile ambayo chipu yako ya grafiki inaitegemea, kwa sababu yenyewe haina kumbukumbu yake.

Kisha tengeneza mbio za majaribio, na ziwe ngumu. Kuzunguka peke yako hakupimi chochote. Weka magari yote, wewe anza wa mwisho, kama gemu ina mvua iwashe, kama ina jioni yenye taa chagua hiyo. Kimbia mzunguko wa kwanza tu, badilisha kitu kimoja, rudia. Gemu za Codemasters kama DiRT Rally na zile za F1 zina kipimo chake ndani ya menyu, kinakuendeshea gari na kukupa majibu mwishoni. Ukiwa nazo kitumie. Kwa gemu nyingine, RivaTuner Statistics Server ni programu ya bure inayochora mstari wa muda wa kila fremu kwenye kona ya skrini. Usiitazame namba, tazama mstari. Mstari ukiwa umetulia, hata namba ikiwa ndogo, gemu itakuwa tamu. Ukiruka kama meno ya msumeno, hata namba iwe nzuri kiasi gani, mikono haitaiamini barabara.

Jaribio la kwanza kabisa: shusha resolusheni hadi ya chini kuliko zote, hata kama inachukiza macho, kimbia kona ile ya kwanza. Fremu zikipanda sana, mzigo ulikuwa kwenye chipu ya grafiki. Zisipopanda, prosesa ndiyo iliyolemewa, au joto limeshaanza kazi yake. Kwa maelezo yako natarajia utakuta vyote viwili: ukiwa peke yako inabana chipu, ukiwa na magari 20 inabana prosesa.

Kwa upande wa chipu, resolusheni ndiyo dawa nzito. Ukitoka 1920 kwa 1080 kwenda 1280 kwa 720 unatoka kwenye pikseli 2,073,600 hadi 921,600, chini ya nusu. Katikati kuna 1600 kwa 900. Kama gemu yako ina kipengele cha kupunguza ukubwa wa picha ya ndani bila kugusa resolusheni ya skrini, tumia hicho badala yake, kwa sababu maandishi, saa na namba za gia vinabaki vikali. Na kama ina FSR ya AMD, teknolojia iliyotolewa mwaka 2021, usidhani ni ya chipu za AMD peke yake. Inafanya kazi hata kwenye Intel yako. Kwa skrini yako, kiwango chake cha ubora kinachora 1280 kwa 720 halafu kinaikuza picha hadi 1080 kwa akili zaidi kuliko skrini inavyoweza kuitanua yenyewe.

Baada ya hapo nenda kwenye vitu vinavyochora dunia mara ya pili bila wewe kujua. Cha kwanza ni vioo vya kutazamia nyuma. Kioo kwenye gemu ni kamera nyingine: inalazimika kuichora barabara yote iliyo nyuma yako, miti, magari na anga, halafu kuibandika kwenye kijipande kidogo cha skrini. Sikushauri ukizime kabisa, maana unakimbia na wenzako na kumgonga mtu aliyekuwa anakupita kihalali ni aibu. Shusha ubora wake hadi mwisho na ubaki na kimoja cha juu. Unachotaka kujua ni kwamba kuna gari nyuma na liko upande gani. Rangi ya kofia ya dereva wake haikuhusu.

Cha pili ni mng'ao wa mwili wa gari, na hapa ndipo ninapokuta nguvu nyingi zimelala bure. Ili boneti ing'ae, gemu inaiweka kamera mahali gari lilipo na kuipiga picha dunia pande sita: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini. Hizo picha sita ndizo zinazofungwa kuzunguka gari kama kisanduku na kuonekana zikiteleza juu ya rangi. Assetto Corsa ya mwaka 2014, ambayo bado ni gemu nzuri kwa mashine kama yako, inakuruhusu kuchagua pande ngapi zichorwe upya kwenye kila fremu na picha hizo ziwe na ukubwa gani. Weka upande mmoja kwa fremu, ukubwa mdogo kabisa. Kisha kaa kwenye kamera ya boneti upite chini ya daraja. Utaona kivuli cha daraja kikiingia kwenye rangi ya boneti kwa kuchelewa kidogo, kimekatika vipande, halafu kimetoka. Ni hicho tu ulichopoteza. Ukiendesha kwa kamera ya ndani, hata hicho hutakiona.

Cha tatu ni vivuli. Vivuli vya jua vinapatikana kwa kuichora dunia kwa macho ya jua lenyewe. Vishushe, lakini usivizime. Gari lisilo na kivuli linaonekana kuelea, na ukikosa ule weusi chini ya matairi unapoteza hisia ya umbali kati yako na ukingo wa kona, au kati yako na bampa ya mbele. Hapo nasimama na kiwango cha chini chenye kivuli, hata kwa gharama ya fremu chache.

Ulainishaji wa kingo wa aina ya MSAA uzime. MSAA ya 4x inatunza sampuli nne kwa kila pikseli, na njia pana ya kufikia kumbukumbu ndiyo hasa chipu ya ndani haina. Aina ya FXAA ni nyepesi, iweke kama miraba ya kingo inakusumbua. Aina ya TAA, inayochanganya fremu zilizopita, sina mapenzi nayo kwenye mbio: fremu zikiwa chache, vibao vya umbali na nyaya za uzio zinaacha mkia wa ukungu kila unapogeuza usukani. Ukungu wa mwendo nao uzime, pamoja na ufifishaji wa vitu vya mbali na miale ya jua kwenye lenzi. Vyote hivyo unavilipia ili vikufichie barabara.

Moshi wa matairi na vumbi shusha hadi chini. Hicho ndicho kinachoivunja kona yako ya kwanza kwa upande wa chipu: moshi ni tabaka juu ya tabaka za picha zinazopenya mwanga, zinachorwa zote moja juu ya nyingine, na pale ambapo magari 20 yanafunga breki pamoja yote yanaziba skrini kwa wakati mmoja. Watazamaji majukwaani ondoa. Majani na miti punguza.

Vilivyobaki juu: uchujaji wa anisotropiki nilioutaja, na umbali wa kuonekana kwa vitu vya pembezoni mwa barabara, angalau uwe wa kati. Vibao vya mita 150, 100 na 50 lazima vionekane kabla hujavifikia. Kuna gemu ambazo kwenye kiwango cha chini kibao kinachipuka ghafla, wakati wewe ulishapaswa kuwa umeinua mguu. Ubora wa picha za nyuso za vitu acha wa kati; huo unakula kumbukumbu zaidi kuliko kasi, na GB 8 zinautosha ukishafunga kivinjari.

Sasa prosesa. Kila gari linaloendeshwa na kompyuta linahitaji kukokotolewa matairi, springi na injini, na juu yake akili ya kuamua limpite nani na wapi. Mipangilio yote ya grafiki duniani haitaupunguza mzigo huo. Shusha kutoka magari 20 hadi 12 uone mstari wa RivaTuner unavyotulia. Mimi napenda mbio za magari 12 yaliyobanana kuliko 20 yanayorukaruka. Ukikimbia mtandaoni na watu, wapinzani wanajifikiria wenyewe, mashine yako inabaki na kazi ya kuwachora. Huko tafuta kipengele cha idadi ya magari yanayoonekana, upunguze hapo.

La mwisho kwako ni joto. Prosesa yako imepangiwa wati 15, na wati hizo zinagawanywa kati ya viini vya prosesa na chipu ya grafiki. Mbio zikianza prosesa inapanda kuelekea GHz 3.4, dakika zinapita, joto linajaa, inashushwa kurudi karibu na GHz 1.6 iliyo kasi yake ya msingi, na chipu inakosa chakula. Ndiyo maana mwanzo ni mzuri na mwisho ni mbaya. Bana fremu kwa kutumia gemu yenyewe au RivaTuner: kama mbio za majaribio zinashikilia 45 wakati wote, weka kikomo 45, mashine isihangaike kutafuta 70 kwenye mnyooko na kujichemsha bure. Inua nyuma ya laptopu vidole viwili kutoka mezani, matundu ya chini yavute hewa, na usiiweke kamwe juu ya kitanda wala mto. Vumbi likiwa limejaa kwenye feni, lisafishwe.

Kuna mbinu moja zaidi ambayo watu huiogopa bila sababu. Kwenye mipangilio ya kina ya umeme ya Windows kuna kiwango cha juu cha prosesa, asilimia 100. Ukikiweka 99, prosesa za Intel kama yako huacha kupandisha kasi ya ziada, joto linashuka, na umeme uliookolewa unakwenda kwenye chipu ya grafiki. Ukikimbia na magari machache inaweza kukupa utulivu wa ajabu. Ukikimbia na magari mengi inaweza kukuumiza, kwa sababu prosesa ndiyo unayoihitaji. Jaribu kwenye mbio zako ngumu, uamue kwa mstari. Haiharibu kitu, ukirudisha 100 umerudi ulipokuwa.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeona programu zinazodai kuongeza FPS (fremu kwa sekunde) mara mbili kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ipi ni nzuri? — *Mwenye Haraka*

JIBU: Nzuri, kaka. Hakuna ninayoweza kukushauri uiweke. Programu haiwezi kuiongezea chipu yako nguvu isiyokuwa nayo. Kinachofanywa na zile zilizo salama ni kufunga vitu vinavyokimbia nyuma, kazi unayoweza kuifanya mwenyewe: bonyeza Ctrl, Shift na Esc, panga orodha kwa RAM kisha kwa CPU, funga usichokitumia. Zile zisizo salama zinakuomba uzime kinga ya virusi kwanza, na hapo ndipo unapaswa kusimama. Kagua pia kama Windows inarekodi mchezo wako kimyakimya: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na G, nenda kwenye mipangilio ya kurekodi, zima kurekodi kwa nyuma. Kwenye mashine ndogo hilo peke yake huonekana.

Sasisha draiva ya grafiki kutoka kwa Intel, AMD au NVIDIA wenyewe, au kwenye ukurasa wa aliyeitengeneza laptopu. Si kwingine.

SWALI: Mwanangu Fundi, hujambo? Kijana wangu ana laptopu yenye RAM GB 4. Anaomba nimnunulie kitako chenye feni za kupoza ili gemu yake ya magari isikwame. Mwenzake amemwambia RAM ndiyo ya kuongeza. Mimi si mtu wa kompyuta, nitoe hela kwa kipi? — *Mama wa Dereva*

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Toa kwa RAM, kama laptopu inakubali. GB 4 zinagawanywa na Windows, gemu, na chipu ya grafiki ambayo haina kumbukumbu yake. Zikijaa, mashine inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ikiwa ni ya zamani ya kuzunguka, gari linasimama hewani huku taa ya diski ikiwaka. Kitako cha feni hakiwezi kutibu hilo. Kinasaidia mashine inayochemka, na hukuniambia kwamba ya kijana inachemka.

Kuna faida ya pili ambayo watu wengi hawaambiwi. Laptopu nyingi za bei ya chini huja na kijiti kimoja cha RAM wakati zina nafasi mbili. Kijiti kimoja ni njia moja ya data. DDR4 ya kasi ya 2400 kwenye njia moja inapitisha GB 19.2 kwa sekunde kwa upeo wake. Vikiwa viwili, GB 38.4. Chipu ya grafiki ya ndani inaishi kwa njia hiyo, inasoma kila picha na kuandika kila pikseli kupitia hapo. Kwa hiyo kijiti cha pili hakiongezi nafasi tu, kinaipa chipu pumzi. Nimewafungia watu wengi kijiti cha pili, na gemu za magari ni kati ya zile ambazo tofauti inaonekana kwa macho hata kabla ya kupima.

Kabla ya kununua, mwombe kijana afungue dirisha la kazi kwa Ctrl, Shift na Esc, aende sehemu ya utendaji, abonyeze kumbukumbu. Hapo pameandikwa nafasi ngapi zimetumika kati ya ngapi, na kasi ya kijiti kilichopo. Andika hayo kwenye karatasi uende nayo dukani: aina, DDR3 au DDR4, maana haziingiliani, na kasi. Umbo la RAM ya laptopu linaitwa SO-DIMM. Laptopu nyingine RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haina nafasi ya pili, na hizo mama, usimwamini anayekuambia anaweza kuongeza. Fundi afungue kifuniko mbele yako akuonyeshe. Kama haiongezeki, hela hiyo iende kwenye diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka. Haitampa fremu nyingi zaidi, lakini itaondoa kule kukwama barabara mpya inapopakiwa, hasa kwenye gemu za kuzurura mjini.

SWALI: Dada, mambo? Laptopu yangu ina chipu ya Intel na pia NVIDIA MX yenye GB 2. Lakini gemu inakwenda sawasawa na laptopu ya rafiki yangu isiyo na NVIDIA kabisa. Nimeibiwa? — *GB Mbili*

JIBU: Poa, mdogo wangu. Huenda NVIDIA yako imelala tu. Laptopu za chipu mbili huchagua zenyewe itumike ipi, na mara nyingine huchagua ile dhaifu ili kuokoa betri. Nenda mipangilio ya Windows, mfumo, skrini, kisha grafiki. Ongeza faili la gemu lenyewe, lile lenye mwisho wa exe, si njia ya mkato iliyoko kwenye skrini wala kile kidirisha kinachoifungua gemu. Kosa la kuchagua kidirisha nalikuta mara nyingi sana. Chagua utendaji wa juu, zima gemu, ifungue upya. Kwenye dirisha la kazi utaona grafu mbili za GPU, yaani chipu ya grafiki. Ya NVIDIA ndiyo inapaswa kupanda.

Kwa GB 2, shusha ubora wa picha za nyuso mpaka kipimo cha kumbukumbu ndani ya menyu kibaki chini ya kikomo. Ukikivuka, wastani wa fremu utaonekana mzuri lakini kila ukiingia sehemu mpya ya mzunguko gari litashtuka. Yale ya vioo, mng'ao na vivuli niliyomwambia Mpenda Kona yanakuhusu pia, ila wewe unaweza kubaki na 1600 kwa 900.

SWALI: Dada Fundi, naunganisha laptopu na televisheni kwa waya wa HDMI ili nicheze na usukani. Picha ni nzuri lakini gari linachelewa kunitii. Nikikata kona, linageuka baadaye. Usukani ni mbovu? — *Mkono Mzito*

JIBU: Kabla ya kuulaumu usukani, ichunguze televisheni. Televisheni nyingi huipitisha picha kwenye usafishaji wake kabla ya kuionyesha, na muda huo unaulipa wewe. Kwenye menyu yake tafuta hali ya gemu, iwashe kwa tundu lile la HDMI unalotumia. Zima pia kile kipengele cha kulainisha mwendo, kinachobuni fremu katikati ya fremu.

Kisha tazama laptopu imechagua resolusheni gani. Televisheni ya 4K inajitambulisha kwa 3840 kwa 2160, pikseli milioni 8.3, mara nne ya 1080, na gemu nyingi zitafuata hiyo bila kukuuliza. Rudisha 1080 kwenye Windows, halafu ndani ya gemu ushuke zaidi.

Imebaki V-Sync. Hiyo inaisubirisha fremu mpaka skrini iwe tayari, picha isichanike. Kwenye skrini ya Hz 60, fremu isiyokamilika ndani ya milisekunde 16.7 inaweza kusubiri zamu inayofuata, milisekunde 33.3, na hapo fremu 60 zinaanguka hadi 30 huku usukani ukizidi kuwa mzito. Kwa mashine isiyoweza kushika 60, mimi naizima V-Sync na kubana fremu kwa RivaTuner. Picha itachanika kidogo kwenye nguzo na uzio ukikata kona kali. Navumilia hilo kuliko kuchelewa. Kama kuchanika kunakukera, kuna skrini za laptopu zinazokubali Hz 48: angalia kwenye mipangilio ya skrini iliyopanuliwa. V-Sync kwenye Hz 48 inakupa milisekunde 20.8 za kumaliza kila fremu, na laptopu nyingi zinazoshindwa 60 zinaifikia hiyo. Lakini ni kwa skrini ya laptopu yenyewe, kwa hiyo siku hiyo usukani uuhamishie mezani.